Pikapu ya 504: pesa zianzie chini

Ndugu, umesema una laki mbili na unasita kati ya rangi mpya na rimu pana kwa ile Peugeot 504 pikapu ya marehemu mzee. Mimi nisingeanza na chochote kati ya hivyo. Ingia chini na bisibisi, dungadunga chesisi pale springi za nyuma zinaposhikwa. Bisibisi ikizama kwenye kutu, pesa zote ni za fundi wa kuchomelea. Chesisi ikiwa ngumu, shughulikia breki: silinda kuu, mipira, paipu. Halafu rejeta, maana hedi ya injini, yaani kifuniko chake cha juu, ni alumini. Injini ikichemka, hedi hupinda, na hapo bajeti imekwisha. Rimu pana zitakufanya upigane na usukani tu. Rangi subiri mwakani, ukishavuna.