Waleti yangu ilikombwa na maneno 12 sikumpa mtu

Aisee ukisema umeibiwa kripto swali la kwanza ni "ulimpa nani yale maneno 12?", yaani yale maneno ya siri yanayofungua waleti ya kripto. Sikumpa mtu. Nimeyaandika kwenye daftari, daftari lipo kabatini chini ya kanga za wife, mpaka leo lipo, na hela imeondoka vilevile. Dola 340 za USDT, ile kripto inayofuata thamani ya dola, usiku, mimi nimelala fofofo.

Ilivyokuwa, wiki mbili nyuma niliona linki kwenye grupu la Telegram, tokeni za bure, nikaunganisha waleti, kikaja kidude cha kukubali nikabonyeza tu kama ninavyobonyezaga masharti ya app, bila kusoma. Tokeni hazikuja, nikasahau. Kumbe pale nilikuwa nampa mtu ruhusa ya kuchota USDT zangu bila kikomo, muda anaotaka yeye, na ruhusa hiyo haifi ukifunga tovuti wala ukibonyeza diskonekti, inakaa kwenye blokucheni, ile kumbukumbu ya pamoja ya miamala ya kripto, hadi uifute mwenyewe. Jamaa kasubiri niweke hela ya maana ndo akachota.

Na sio sisi wapenda vya bure tu. Desemba 2021 BadgerDAO, mradi wa kripto, walipigwa kama dola milioni 120 kwa staili hiyohiyo. Smati kontrakti zao, yaani programu zinazojiendesha kwenye blokucheni, zilikuwa nzima kabisa, wezi walichomeka code yao kwenye tovuti yenyewe, ile orijino, mteja anaingia mlango aliouzoea anatolewa ombi la ruhusa la ziada, anasaini. Mmoja peke yake alipoteza bitcoin karibu 900! Kwa hiyo "angalia adresi ya tovuti vizuri" ni ushauri mzuri ila hautoshi.

Siku hizi nina waleti mbili, moja ni ghala haigusi tovuti yoyote, nyingine ni ya kuzurura nayo, naweka ninachotumia siku hiyo basi. Ruhusa ikiombwa naangalia namba, kama nabadilisha dola 20 naandika 20. Kila Jumapili naingia Revoke.cash nafuta ruhusa za zamani, inakata ada kidogo, lipa tu. Kuna na saini zingine za kutoa ruhusa hazikati hata ada, hizo ziogope zaidi maana unaona kama hujafanya kitu.

Niliposimulia haya kwenye lile grupu wakanifuata inboksi watu watatu eti wataalamu wa kurudisha hela. Mmoja akaniomba yale maneno 12.