Daraja la vijiti limevunjika: maswali yenu na majibu

Mwalimu, daraja letu la miraba lililala ubavu kabla hata hatujaweka mzigo. Gundi ilikuwa mbovu?

Gundi msiionee. Fungeni vijiti vinne kwa pini moja kila pembe, msukume: mraba unalala na hakuna kijiti kilichovunjika. Vijiti vitatu havifanyi hivyo. Pembetatu haibadiliki umbo mpaka kijiti kimojawapo kirefuke, kifupike au kikatike. Kwa hiyo kila mraba upate kijiti cha mshazari. Kuta mbili za daraja nazo zishikanishwe kwa juu, hapo ndipo vikundi vingi husahau.

Vijiti vya juu vilijipinda vikavunjika, vya chini vikabaki vizima. Kwa nini, na vyote ni sawa?

Havifanyi kazi sawa. Daraja lililoegemea ncha zake mbili likibebeshwa mzigo, upande wa chini huvutwa na wa juu hugandamizwa. Kijiti chembamba kinachogandamizwa hakisubiri kupondwa. Hujipinda kwanza, na urefu ndio adui yake. Ukikishikilia katikati kisiyumbe, urefu huru unakuwa nusu, na mzigo wa kukipinda unakuwa mara nne hivi. Kwa hiyo msirundike vijiti. Ongezeni vishikizo vifupi.

Hili si la darasani tu. Agosti 29, 1907, Daraja la Quebec huko Kanada lilianguka likiwa bado linajengwa, wakafa wafanyakazi 75. Uzito wa daraja lenyewe ulikuwa umekadiriwa chini ya ulivyo, na vyuma vya chini, ambavyo katika muundo ule ndivyo vilivyogandamizwa, vikasalimu amri. Kupinda kwake kulishaonekana siku kadhaa kabla. Ndiyo maana napenda mwanafunzi anayeinama kutazama kijiti kinachoanza kupinda kuliko anayeshangilia kilo.

Daraja letu lilibeba kilo 12, la wenzetu kilo 9, wakapewa ushindi wao. Haki iko wapi?

Lipimeni daraja kwenye mizani kabla ya jaribio, kisha gawanyeni mzigo kwa uzito wake. Kama lenu lilikuwa gramu 300, limebeba mara 40 ya uzito wake. La wenzenu likiwa gramu 150, limebeba mara 60. Mwamuzi hakukosea.

Gundi nyeupe ikae muda gani?

Hadi kesho yake. Na ipakwe kidogo: inayochuruzika inaongeza uzito, haiongezi nguvu.

Mzigo tuuweke vipi bila kuumizana?

Ning'inizeni ndoo katikati ya daraja, ikae karibu na sakafu, mmimine mchanga kidogo kidogo. Mawe yakitupwa ndani yanatikisa daraja, na hamtajua limeshindwa na uzito au na kishindo. Wanaosimama karibu wavae miwani ya kinga. Mmoja arekodi kwa simu, kwa sababu likishaporomoka kila mtu husimulia lake kuhusu kijiti kilichotangulia.