Mtu ni "tall", mlima ni "high": kwa nini?

SWALI: Binti yangu aliandika katika zoezi la Kiingereza kwamba Kilimanjaro ni "tall", na mwalimu akamtilia kosa akisema mlima huwa "high". Kwetu mtu ni mrefu, mti ni mrefu na mlima ni mrefu. Je, neno "tall" hutumika wapi hasa? – Msomaji, Moshi.

JIBU: Kivumishi chetu cha "-refu" kinatosha kwa mtu, kamba, safari na hata kisima, ilhali Waingereza wamegawa kazi hiyo kwa maneno kadhaa. "Tall" liko karibu na nomino yetu ya "kimo": hupima kitu kuanzia unyayo hadi utosi, na hupendelea vitu vilivyosimama wima ambavyo kimo chake kimezidi upana, kama vile mtu, twiga, mnazi, mlingoti na ghorofa. "High" hutazama umbali wa kitu, au wa ncha yake, kutoka chini, kwa hiyo ndilo neno la dari, rafu na mawingu, na kwa kawaida la ukuta na mlima. Mtoto akisimama juu ya meza kando ya baba yake, kichwa chake kinaweza kuwa "higher" kuliko cha baba, lakini baba bado ni "taller". Tena binti asimwite mtu "high" kwa sababu ya kimo chake, maana watu wataelewa kwamba amelewa dawa za kulevya.

Kuhusu mlima, mwalimu amefuata mazoea ya wengi, ingawa mimi nisingemnyima mtoto alama. Everest, wenye mita 8,849 kutoka usawa wa bahari, ndio "highest" duniani. Lakini Mauna Kea wa Hawaii, ambao kilele chake kiko mita 4,207 tu juu ya bahari, hupita mita 10,000 ukipimwa tangu kitako chake kilichozama, na kwa kipimo hicho wanajiografia huuita "tallest".

Pamoja na tarakimu, "tall" halimaanishi urefu wa kupindukia: mtu wa mita 1.2 husemwa ni "1.2 metres tall" bila dhihaka yoyote. Mtoto mchanga, kwa kuwa hupimwa akiwa amelala, huandikiwa "long".