Mkaa wa taka za sokoni kwenye mchicha?

Dada, umeuliza kama bayochari, yaani mkaa wa kuchanganya na udongo unaotengenezwa kwa kuchoma taka kavu kwa hewa kidogo, ya taka za soko la Mbuyuni inafaa kwenye bustani yako ya mchicha. Inafaa, ila usichome kabla hujazichambua taka zenyewe.

Moto hauui metali. Metali zenye sumu kama risasi au kadimiamu zilizoingia na taka kwa kawaida hubaki kwenye mkaa, tena kwa wingi zaidi kwa kila kilo, kwa sababu kilo 100 za taka kavu huacha mkaa wa kilo 25 hadi 35 hivi. Kwa hiyo betri, mbao zenye rangi na nguzo zilizotiwa dawa zitoe zote. Tope la majitaka nalo liache, lisifike kwenye mboga za majani. Plastiki ndiyo inayonitia hofu kuliko vyote: mifuko na vipande vya PVC (plastiki ya mabomba) vikiungua pamoja na maganda ya ndizi huweza kutoa dioksini, sumu kali, na hiyo hukaa udongoni miaka mingi.

Sumu nyingine inatengenezwa na uchomaji wenyewe. Moshi ukikosa njia ya kutoka hupoa na kugandia kwenye mkaa, ukiwa na kemikali za lami ambazo baadhi yake husababisha saratani. Mkaa ukinuka lami au ukiacha mafuta mkononi, usiutie shambani.

Mimi ningeanza na pumba za kahawa, hapa mjini Moshi zinapatikana na ni safi kuliko taka za soko. Kwa kipimo, cheti cha bayochari cha Ulaya, daraja la kilimo, kinaruhusu kadimiamu isiyozidi gramu 1.5 kwa tani ya mkaa mkavu.