Mama mdogo, baga sijala tangu mwezi wa tatu

Shikamoo mama mdogo. Juzi kwenye grupu la ukoo uliniuliza, tena mbele ya watu wote, ati huko Marekani tunakula nini zaidi ya baga na chipsi, mbona kwenye picha nimenenepa hivyo. Nikacheka nikanyamaza, ila leo niko ofu ngoja nikujibu ukweli.

Baga sijala tangu mwezi wa tatu. Kilichoninenepesha ni chakula cha majumbani, kile ambacho kwenye muvi hawakionyeshi, na kila jimbo linakipa jina lake mpaka unachanganyikiwa. Nilipofika nilikuwa Massachusetts, nikapata kazi ya kulea wazee, siku ya pili mpishi akatangaza mchana kuna American chop suey, mimi nikajiandaa kula Kichina kabisa, wali na soya sosi. Kuletwa sahani, makaroni na nyama ya kusaga na nyanya! Nikahamia Columbus, Ohio, mambo yaleyale, sema wao wanaoka na chizi juu, wanaita Johnny Marzetti, jina la mgahawa wa Marzetti uliofunguliwa hapohapo mjini mwaka 1896. Sasa niko Minnesota, bibi mmoja ninayemhudumia nikamwambia leo kuna chop suey akanikata jicho, hiyo ni goulash. Haya, goulash. Wakati goulash ya Wahungaria wenyewe ni mchuzi wa nyama na paprika, makaroni hamna humo.

Usiwacheke lakini, sisi si tunasema makande, ukivuka Namanga yameshakuwa githeri, ukishuka Mombasa wanakwambia pure.

Ila huku Minnesota mfalme ni hotdish, yaani nyama, mboga na supu nzito vinaokwa pamoja kwenye bakuli moja. Majimbo mengine wanasema kaseroli, hapa ukisema hivyo wanajua wewe mgeni. Mwaka jana tulizika mzee mmoja wa kanisani, baada ya mazishi tukashuka ukumbi wa chini ya kanisa, meza ndefu imejaa bakuli za kuokea, nikahesabu nne zinafanana: chini nyama ya kusaga, maharage machanga ya friza, supu ya uyoga ya kopo inamwagwa vilevile nzito bila maji, halafu juu vimepangwa vipande vya viazi vidogo kama kidole gumba, mstari kwa mstari kama vigae, vimeiva vinalia kwa mafuta. Hiyo supu Campbell's wanaiuza tangu 1934, na wenyeji wanaitania wanaiita gundi ya Walutheri. Kilichonichekesha, chini ya kila bakuli kuna kipande cha plasta na jina la mwenyewe ili lisipotee, nikakumbuka sufuria zako za shughuli ulizoziandika kwa rangi ya kucha na bado moja ikaishia kwa jirani.

Utah ndiyo kabisa, wana chakula kinaitwa funeral potatoes, yaani viazi vya msiba! Viazi, chizi, supu ya kuku ya kopo na konfleksi zimevunjwavunjwa juu. Olimpiki ya 2002 huko Salt Lake City walikitengenezea hadi pini ya kubandika kwenye nguo. Huku vilevile tunavyo ila vinaliwa hata kwenye bethdei, vinaitwa viazi vya chizi tu, hakuna anayelia.

Utamu? Mama, mwezi wa kwanza sikuweza, chumvi nyingi, pilipili hakuna, kila kitu laini kama cha mtoto anayeota meno. Ila njoo Januari, nje nyuzi 20 chini ya sifuri, umetoka shifti ya usiku miguu huisikii, mtu akupe hiyo bakuli ya moto, utaniomba uongezwe.

Makande napika pia, mahindi ya kukoboa ya kopo napata duka la Wamexico, nazi nayo ya kopo, yanatoka. Shida ni huyu mjukuu wako, jana kaingia jikoni kafunua sufuria ananiuliza hotdish ya maharage itaiva saa ngapi.