Mwalimu wa Muheza, kabla hujahesabu GB

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Mwalimu, umesema kompyuta mpakato yako imeanza kujizima yenyewe, ndani kuna mitihani, matokeo ya wanafunzi na picha za harusi, na unatafuta huduma ya bure ya kuhifadhi mafaili mtandaoni yenye GB nyingi kuliko zote. Waliotangulia wamekutajia majina. Mimi nitakuchosha kidogo, maana swali hilohilo niliuliza mwaka 2020, nikajibiwa kwa GB, nikachagua kwa GB, na kilio changu hakijaisha mpaka leo.

Nina steshenari ndogo hapa Tanga, Ngamiani barabara ya nane. Kudurufu, kuchapa barua, picha za pasipoti, kadi za mialiko. Kompyuta za pwani hazizeeki vizuri. Chumvi inaingia kwenye matundu ya flashi, miaka miwili mitatu yameshika kutu kama ndoana. Nikijua mashine itakufa siku moja, nikafungua akaunti kwenye huduma mojawapo (jina naliacha, uzembe ulikuwa wangu) na folda zangu zote nikazielekeza huko. Nikichapa kitu, kinapanda chenyewe. Nikajiona mjanja.

Ndani ya folda hizo mlikuwa na utenzi wa babu yangu mzaa mama. Aliuandika kwa mkono kwenye kaunta buku, nami niliuchapa miezi minne, jioni jioni wateja wakipungua. Beti 214. Kaunta buku lenyewe mchwa walilimaliza masika iliyofuata.

Desemba 2021 akaja mpwa wangu kutoka Korogwe kwa likizo. Nikamwachia duka, nikaenda msibani Pangani. Kijana mwema, hawezi kukaa bure. Akaona kompyuta imejaa na inajikongoja, akaisafisha. Folda iliyoandikwa ZAMANI akaifuta. Ikafutika kwenye kompyuta, na huko mtandaoni nako ikafutika papo hapo, kwa kuwa ndivyo huduma ile inavyofanya kazi: kilichoko kwako ndicho kilichoko kwao. Mimi sikujua lolote mpaka katikati ya Februari, shangazi alipotaka beti chache zisomwe kwenye hitima. Nikaingia kwenye pipa la taka la mtandaoni, tupu. Vilivyofutwa vilikuwa vinakaa humo siku 30 tu.

Nilichookoa ni beti 131, kwenye flashi iliyokuwa droo moja na funguo mbovu. Zile 83 hakuna tena azijuaye.

Sasa turudi kwako. Huduma hizi tunaziita wingu zote, lakini ndani zimegawanyika. Zipo ambazo ni kioo: ukivaa kofia nacho kinavaa, ukivua kinavua. Google Drive, OneDrive na Dropbox, ukiziwekea folda ya kompyuta ijipandishe yenyewe, ndivyo zinavyokwenda, na kwenye akaunti za bure zote tatu hukaa na kilichofutwa kwa siku 30. Kioo kinafaa sana ukitaka faili la kazini ulikute nyumbani. Ila virusi vile vinavyofunga mafaili na kudai pesa vikikuingia leo, kioo kitapandisha mafaili yaliyofungwa kwa bidii ileile.

Na zipo ambazo ni ghala. Ukifuta kwako, huko kinabaki mpaka uende mwenyewe ukakitoe. Kwa bure, ninayoitumia sasa ni IDrive. Wanatoa GB 10, wanaweka mpaka matoleo 30 ya nyuma ya faili moja, na unaipangia saa ya kufanya kazi. Ukiharibu mtihani wa Kidato cha Pili Jumatano, unauvuta wa Jumanne. Sura yake inachosha macho, sikufichi. Lakini kwa mitihani na matokeo, ningekuwa wewe ningeanza hapo.

Utasema GB 10 ni kidogo. Hebu fanya nilichofanya mimi: kaa na kompyuta yako nusu saa utoe filamu, miziki, programu ulizopakua, na zile picha za "asubuhi njema" za makundi ya WhatsApp. Mimi nilidhani nina GB 80 za mali. Zilipopepetwa zikabaki 6. Chenga ilikuwa nyingi kuliko mchele.

Kuhusu hizo GB 15 za Google ambazo wengi hapo juu wamezisifu, ni kweli zipo, lakini ni sinia moja linaloliwa na watu wengi. Barua pepe zako zimo. Picha zimo, tangu Juni 2021 zote zinahesabiwa. Bekapu ya WhatsApp ya Android nayo tangu 2024 inakula humohumo. Likijaa, hata barua pepe haziingii, na mwalimu anayesubiri barua ya uhamisho hataki hilo limkute. Dropbox wanatoa GB 2, mimi naiona kama kionjo. OneDrive ni GB 5, na kompyuta nyingi za Windows huja nayo ikikuomba uipe folda za Desktop na Documents. Watu wanabonyeza kukubali bila kusoma, wiki mbili baadaye imejaa, wanaleta mashine kwangu wakidhani ni virusi.

MEGA ndio wenye mkono mpana, GB 20. Na mafaili yanafungwa kwa siri kabla hayajatoka kwenye kompyuta yako, wao wenyewe hawawezi kuyasoma. Zuri hilo, ila elewa upande wake wa pili: ukisahau neno la siri na huna ule ufunguo wa kurejesha wanaokupa, hakuna wa kumpigia simu. Mimi wangu nimeuchapa kwenye karatasi, nimeulaminisha, uko nyumbani pamoja na hati ya kiwanja. Picha zako za harusi ningeziweka huko.

Matokeo ya wanafunzi ni jambo jingine. Hayo ni taarifa za watoto wa watu, na sheria ya kulinda taarifa binafsi ilianza kutumika nchini Mei 2023. Popote utakapoyapeleka, yafunge kwanza kwa 7-Zip ukiweka neno la siri. Ni programu ya bure na ina ufungaji wa AES-256, yaani kufuli imara la mafaili. Dakika mbili tu.

Halafu bando. Hili watu wa mijini mikubwa hawalisemi. Ukiwa unapandisha kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, GB 6 zangu zinataka kama saa 13. Nilizigawa usiku tatu, kwa bando la usiku, kompyuta nimeiinua juu ya kiti ipate upepo. Baada ya hapo inapandisha kilichobadilika tu, na hicho ni kidogo. Angalia pia kwamba kuvuta vyote siku ya msiba wa kompyuta nako kuna bei yake.

Wingu peke yake pia halitoshi. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika, siku kadhaa intaneti ilikuwa ya kutambaa. Mama mmoja wa Makorora alikuja anataka wasifu wake kwa ajili ya usaili wa siku hiyohiyo, na nakala yangu ilikuwa mtandaoni tu. Nikauchapa upya kutoka kichwani mwake, yeye anasoma miaka, mimi nachapa. Tangu hapo nina diski ya nje, naichomeka kila Ijumaa nikifunga duka, ikimaliza naichomoa. Ikikaa imechomekwa, radi au virusi vikija vinachukua vyote viwili.

Na huduma hizi nazo zinakufa, usijifungie na moja. CrashPlan walifunga huduma yao ya kuhifadhi mafaili ya majumbani 2018. Amazon Drive ilifungwa mwisho wa 2023. Google nao, tangu Desemba 2023, wanaweza kufuta akaunti isiyoguswa miaka miwili, kwa hiyo ile uliyofungua kwa ajili ya picha tu, iingie mara moja moja.

Ukishaweka, fanya jaribio leo leo, usingoje kompyuta ife. Chagua faili moja, lihamishe pembeni, kisha livute kutoka mtandaoni, ufungue na usome mpaka mwisho. Mimi mara ya kwanza lilirudi faili la kilobaiti sifuri, jina zuri, ndani hamna kitu. Lilikuwa limekatika katikati ya kupanda umeme ulipokwenda. Nililipandisha tena.

Ukishapepeta, niambie zimebaki GB ngapi na Windows yako ni ya ngapi, nikuelekeze namna ya kupanga ratiba. Baada ya isha ndio napatikana.