Mlipaji wa Samoa Yuko Auckland: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Barua za Pasifiki zimekuwa nyingi, na nyingi kati yake ni za Samoa. Sishangai. Nilianza uwakala wa forodha Kilindini, sasa nafunga mizigo ya visiwani hapa Auckland, na sehemu kubwa ya ninayoifunga inashuka Apia, mji mkuu wa Samoa. Mwezi huu nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ina mkopo wa benki ndani yake.

Shikamoo Mama Bandari. Nauza vitenge na kanga kwa jumla Kariakoo. Binti wa dada yangu anasoma Auckland na anasali na Wasamoa. Amenitumia picha za kina mama wamevaa sare, kanisa zima kitambaa kimoja. Kupitia kwao nimepata mteja wa Apia, anataka kontena zima la futi 20 la vitenge. Atalipa asilimia 30 sasa, iliyobaki akishauza. Nimeshaenda benki kuulizia mkopo. Nifanyeje? – Mama Vitenge, Kariakoo

Marahaba mwanangu. Huo mkopo usimamishe kwanza, tuongee.

Samoa nzima ina watu takriban laki mbili, watoto wachanga wakiwemo. Temeke peke yake inawazidi mara kadhaa. Kontena la futi 20 lina ujazo wa takriban mita za ujazo 33, na kitambaa hukunjika vizuri, kwa hiyo ndani yake zitaingia pisi zaidi ya elfu kumi. Hebu piga picha mtu mmoja mwenye duka moja Apia akiuza pisi elfu kumi za vitenge, tena kwa wanawake ambao wakishamwona mwenzao wa kanisa jirani na ua lile lile watataka lingine. Mzigo utakaa. Na kwa kuwa amekuahidi kulipa akishauza, atakayekaa nao ni wewe, na riba ya benki inatembea.

Hiyo sare uliyoiona inaitwa puletasi: blauzi ndefu juu ya sketi ya kufunga. Soko lake lipo kweli, kwa sababu kwaya, kamati za wanawake na ukoo wenye harusi hushona kwa pamoja, kama sisi tunavyoshona. Lakini kitambaa wanachokipenda zaidi ni cha elei, yaani kilichochapwa kwao kwa michoro yao. Kazi hiyo ya kubuni na kuchapa elei sheria imewatengea raia wa Samoa. Usiingie kushindana nao. Waulize wanachapia juu ya nini. Wanahitaji pamba nyeupe, iliyofumwa vizuri, isiyosinyaa ikifuliwa: bafta na marikani, vitu ambavyo wewe unavijua tangu ukiwa mdogo. Tena Wasamoa wengi huvaa nyeupe kanisani Jumapili, na Jumapili ya pili ya Oktoba ni siku yao kubwa ya watoto, ambapo kila mtoto anavalishwa nyeupe mpya. Kitambaa cheupe cha siku hiyo kinatakiwa kiwe Apia mwanzoni mwa Septemba ili mafundi washone. Kutoka Dar hakuna meli ya moja kwa moja. Mzigo hubadilishwa meli Asia, kisha Auckland au Fiji, ndipo uende Apia. Ukihesabu miezi miwili uko kwenye hesabu nzuri, ukihesabu mitatu unalala usingizi. Kwa hiyo mzigo wa Oktoba unaondoka Dar mwanzoni mwa Juni. Ukifika Novemba, umefika kwa watu waliokwisha kushona.

Kanga nazo usizitupe. Upana wake unafaa kabisa kwa lavalava, nguo ya kujifunga kiunoni ambayo huko huvaliwa na wanaume na wanawake. Peleka chache, zenye maua makubwa, uone.

Sasa jambo ninalolitaka ulishike kuliko yote. Hesabu za sensa za New Zealand zinaonyesha Wasamoa wanaoishi hapa ni takriban sawa kwa idadi na waliobaki Samoa. Wengi wako kusini mwa Auckland, Māngere na Ōtara. Hawa ndio wanaotuma pesa nyumbani, na pesa hizo kwa miaka ya karibuni zimekuwa zaidi ya robo ya pato la taifa. Kuna msiba Savai'i, kisiwa chao kikubwa zaidi, mtu anatawazwa matai, yaani mkuu wa ukoo, kanisa linajengwa: mchango unatoka kwa shangazi aliye Māngere. Ndiye atakayechagua kitambaa cha sare ya ukoo, na ndiye atakayekilipia, ingawa kitavaliwa Upolu, kisiwa chenye Apia. Mnunuzi wako, mwanangu, ni huyo. Anapokea mshahara kila wiki, benki yake inatuma dola bila matata, na binti wa dada yako anamwona kila Jumapili.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningefanya hivi. Ningefunga robota chache tu za bafta, na kanga za kuonja, kwenye kontena la kuchangia hadi Auckland. Binti aonyeshe vipande kanisani na kwenye soko la Jumamosi la Ōtara, achukue oda za vikundi, apokee advansi. Kitakachohitajika Apia kitaungana na mizigo ya visiwani inayoondoka hapa mara kwa mara. Lakini kumbuka kwamba kitambaa kikishaingizwa New Zealand kimelipiwa kodi za huku. Kile ambacho tayari kina mwenyewe Apia kiandikwe tangu mwanzo kuwa kinapita tu.

Kuna watu watakuambia ukipitisha Auckland utafaidi mkataba wa biashara wa PACER Plus, ambao ulianza kutumika Desemba 2020 kati ya New Zealand, Australia na visiwa kadhaa, Samoa ikiwemo. Si kweli kwa kitambaa chako. Mkataba ule unaangalia bidhaa ilizalishwa wapi. Pamba iliyofumwa Tanzania ikipumzika ghalani Auckland inabaki ya Tanzania, na cheti chako cha uasili kutoka TCCIA, chemba ya biashara ya Tanzania, kitasema hivyo. Atakayeandika vinginevyo kwenye ankara anakutafutia kesi. Apia mzigo utalipiwa ushuru wa forodha kulingana na aina yake, na juu yake VAGST, ambayo ni kodi yao ya ongezeko la thamani, asilimia 15. Mwambie mteja aweke hilo kwenye bei yake mapema.

Na huyu wa Apia usimfukuze. Mwandikie kwa heshima kwamba utamwuzia robota mbili: asilimia 30 ya advansi, na iliyobaki kabla hujamtumia hati halisi ya shehena. Hati ile ndiyo ufunguo wa mzigo. Ukishaiachia, hudai tena, unaomba. Kama ni mfanyabiashara atakubali.

Mama Bandari, jambo sana. Mimi ni Mkongomani, tuko Māngere na familia. Rafiki yangu Msamoa ananiambia twende tufungue magazini Apia, tuuze mchele, sukari, samaki wa kopo na nguo. Anasema ukoo wake utanipa kiwanja bure nijenge. Nina pesa kidogo niliyoweka. Ni mzuri? – Baba wa Watoto Watano, Māngere

Jambo baba. Moyo wa rafiki yako ni mzuri, lakini mambo mawili aliyokuambia hayawezekani kama alivyoyasema.

La kwanza ni duka. Mgeni anayetaka kufanya biashara Samoa lazima apate kwanza cheti cha mwekezaji wa nje kutoka Wizara ya Biashara, Viwanda na Kazi. Kwenye sheria hiyo kuna orodha ya kazi walizotengewa raia peke yao: mabasi ya abiria, teksi, kukodisha magari, kupasua mbao, elei niliyoitaja juu, na rejareja. Hata ukiwa na pasipoti ya New Zealand, kwao wewe ni mgeni. Watu wengine hukopa jina la raia, duka likaandikwa lake huku pesa ni za mgeni. Baba, usifanye hivyo. Siku mkikosana huna karatasi hata moja ya kuonyesha, na wewe ndiye uliyevunja sheria. Nimekaa na watu waliolia mbele yangu kwa jambo hili, na sikuwa na cha kuwasaidia.

La pili ni kiwanja. Kiasi cha asilimia 80 ya ardhi ya Samoa ni ya kimila, na katiba yao inakataza kuiuza. Anayeisimamia ni matai kwa niaba ya ukoo mzima, pamoja na walio Brisbane na Sydney ambao hukuwahi kuwaona. Rafiki mmoja hawezi kukupa. Kinachowezekana ni kukodi kwa mkataba unaopitia serikalini, na hapo wenye haki wanapata nafasi ya kupinga. Migogoro ya aina hiyo ina mahakama yake maalumu, Mahakama ya Ardhi na Vyeo, na huko utakuwa mtu wa nje unayesikiliza watu wakitaja babu zao.

Sasa nikuambie ninachokiona mimi kinafaa. Baki Māngere. Watu wanalipa hapa ili chakula kishuke kule: magunia ya mchele, katoni za samaki na nyama ya kopo, ambazo kwenye msiba au harusi hupelekwa kwa wingi. Rafiki yako awe na duka lake Apia, kwa jina lake na leseni yake, wewe uwe muuzaji wake wa jumla kutoka Auckland. Shangazi wa Ōtara akulipe wewe leo, mpwawe achukue katoni dukani kwa rafiki yako. Andikeni makubaliano, hata kama mnapendana. Muulize rafiki yako pia kuhusu Savai'i, kwa maana mzigo ukishuka bandari ya Apia bado una safari ya barabara hadi Mulifanua na feri hadi Salelologa, na gharama hiyo mara nyingi husahauliwa.

Mifuko myepesi ya plastiki usipeleke. Wameipiga marufuku tangu 2019. Na Jumapili usimpigie mtu simu ya biashara. Vijiji vingi vina saa ya sala jioni pia, kila siku, na watu huwa ndani. Wakongomani mnaojua kuheshimu ibada hamtapata shida.

Assalaam alaykum bibi. Niko Maskati, nina magari mazuri yaliyotumika. Wakala amenipa bei ya kupeleka Samoa, bandari ya Pago Pago. Nimwamini? – Msomaji, Maskati

Wa alaykum salaam. Simama kwanza, hapo pana nchi mbili. Pago Pago ni bandari ya Samoa ya Marekani. Samoa iliyo huru tangu 1962 bandari yake ni Apia. Forodha ni tofauti, pesa ni tofauti, hata siku ni tofauti: mwishoni mwa 2011 Samoa iliruka tarehe 30 Desemba ikahamia upande wa Australia na New Zealand, kwa sababu ilikuwa ikipoteza siku mbili za kazi kila wiki na wateja wake wakubwa. Samoa ya Marekani ikabaki upande wa pili.

Kwa magari kuna jambo zito zaidi. Tarehe 7 Septemba 2009 Samoa iliacha kuendesha kulia ikahamia kushoto, makusudi kabisa, ili ndugu walioko New Zealand na Australia waweze kuwapelekea magari yao. Magari yako ya Oman usukani uko kushoto. Apia hayana soko, na hapo hujakutana bado na masharti yao ya umri wa gari. Achana na mpango huu.

Hujambo dada? Tunachonga vinyago na kusuka vikapu, Mombasa. Hoteli moja ya Samoa imetuomba sampuli, na kahawa ya kukaanga kilo chache. Tutume kwa ndege tu? – Kikundi cha akina mama, Mombasa

Sijambo, na hongereni. Msitume kabla ya kupata jibu la karantini yao, iliyo chini ya Wizara ya Kilimo na Uvuvi.

Wale watu wameumia. Mbawakawa anayetoboa minazi aliingia Samoa mwaka 1909 na miche ya mpira kutoka Ceylon, na hadi leo wanapambana naye. Mwaka 1993 ugonjwa wa majani uliangamiza magimbi, chakula chao na zao lao kuu la kuuza nje, ndani ya miezi. Konokono mkubwa anayekula mazao yao asili yake ni pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo afisa akiona kikapu cha ukindu chenye mchanga kwenye mshono, au kinyago chenye tundu dogo la dumuzi, atakichoma, na hatakuwa anawaonea.

Iombeni hoteli iwasiliane na karantini na kuwaletea kibali kwa maandishi, kikitaja kila kitu: mti uliotumika, aina ya ukindu, rangi, kahawa. Kahawa iliyokaangwa kwa kawaida ina matatizo machache kuliko mbichi, ila nayo itajwe. Kibali kikisema cheti cha afya ya mimea, nendeni KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea. Kikisema kufukiza dawa ya wadudu, fukizeni Mombasa kwa fundi mwenye leseni, na cheti kisafiri na mzigo. Vinyago vikauke kabisa kabla ya kufungwa, msivizungushie nyasi wala majani, tumieni karatasi. Mkifikia kutumia paleti, mbao zake ziwe na mhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia mizigo.

Apia wako mbele yenu kwa saa kumi. Ijumaa asubuhi mkifungua ofisi saa mbili, kwao ni saa kumi na mbili jioni na wameshafunga hadi Jumatatu. Simu ya hoteli ipigeni Jumapili saa nne usiku, kwao ni Jumatatu saa mbili asubuhi, na mtampata meneja ndiyo kwanza anaingia kazini.